Dawa ya Mwisho na Uzi wa Buluu

Kisa hiki kimenifikia kwa simu. Aliyenitumia naye alitumiwa, na wa kwanza kukisimulia simjui. Mimi nilianza kukisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa. Ukikimaliza nawe, mpe jirani.

Katika mji mmoja wa milimani, kule ambako mvua haina adabu ya kusubiri msimu, walikuwapo watu wazima waliopenda mchezo wa kadi uitwao Himaya. Usidhani ni karata zile za kopa na shupaza. Kwenye Himaya kila mtu hukusanya kadi zake mwenyewe: hununua pakiti, hubadilishana na wenzake, mpaka apate jeshi lake la wanyama na mashujaa. Mnyama wako akipigana leo, Jumamosi ijayo atapigana tena.

Lakini zipo kadi chache za vifaa, kama kamba, daraja, ngao na dawa, ambazo hutumika mara moja tu. Ukitaka kuitumia, unasimama, unaisoma kwa sauti, kisha unaichana vipande viwili mbele ya mpinzani wako. Vipande vinatiwa kapuni. Hiyo imekwenda, hairudi. Wachezaji wakaziita kadi za kuchana.

Basi alikuwapo Lwitiko, mwenye duka la steshenari karibu na stendi. Huyu alikuwa na kadi ya kuchana iliyowatoa wengi udenda: Dawa ya Mwisho. Ukiichana, mnyama wako aliyekufa anafufuka na nguvu zake zote. Mji mzima zilijulikana tatu, moja ya Lwitiko na mbili za Mwalimu Ambakisye, mzee mstaafu aliyewafundisha wenzake wote mchezo na ambaye ndiye aliyekuwa mtunza kapu.

Miaka miwili Lwitiko alitembea na Dawa ile ndani ya pochi, imefungwa kwenye nailoni. Wanyama wake walikufa, akashindwa, akarudi nyumbani nayo.

"Ichane basi, Lwitiko! Unamwekea nani?" wenzake walimpigia kelele.

"Akiba haiozi," alijibu.

Wakamwita Mkono wa Birika. Na hawakumsingizia. Kila alipopata kadi ya kuchana aliibadilisha kwa mnyama, kwa kuwa mnyama anabaki. Tangu aanze kucheza hakuwahi kuchana hata moja. Likumbuke hilo, maana ndilo lililomponza.

Mwaka huo Mwalimu alitangaza kwamba macho yamemchoka. Mwisho wa mwaka angemkabidhi kapu bingwa mpya, kama ilivyo desturi yao. Mtunza kapu si mtu mdogo. Ubishi ukizuka, yeye ndiye anayeamua, na akifungua mdomo wengine wanafunga yao.

Lwitiko aliitaka nafasi ile mpaka akawa hapati usingizi. Dukani kwake watu waliingia, wakasema "kopi mbili," wakatoka bila kumtazama usoni. Alitamani siku moja na yeye aseme, watu wanyamaze wamsikilize.

Siku moja, duka likiwa tupu, aliiweka Dawa ya Mwisho kwenye mashine ya kopi. Akatoa nakala ya rangi kwenye karatasi ngumu, mbele na nyuma, akakata pembe kwa mkasi, akazilinganisha. Lo! Hata yeye ilibidi aangalie mara mbili ajue ipi ni ipi.

"Najaribu tu," alijiambia. Wangapi tumeanza na neno hilo?

Katikati ya mwaka kifaru wake alikufa kwenye mechi ngumu. Lwitiko akasimama, akasoma kwa sauti, akachana. Watu wakashangilia, "Birika limemwaga leo!" Hakuna aliyeshtuka. Ile halisi ilikuwa imelala salama mfukoni.

Ikafika nusu fainali ya kumtafuta bingwa. Mwalimu Ambakisye alicheza na Subilaga, fundi cherehani. Mzee akabanwa, tembo wake akafa. Watu wakapaza sauti, "Dawa, Mwalimu! Chana Dawa!"

"Nimebakiwa na moja," Mwalimu alisema taratibu, "nayo ina kazi yake."

Akakubali kushindwa. Watu wakatazamana, maana walijua anazo mbili na hawakuwahi kumwona akichana. Lwitiko alicheka kimoyomoyo, akasema kumbe hata mzee ni birika mwenzangu.

Fainali ikawa kati ya Lwitiko na Subilaga. Subilaga alikuwa na kadi moja tu ya kuchana, Daraja, aliyoachiwa na dada yake marehemu. Ndugu hao wawili walianza kucheza pamoja. Mchezo ulipofika pabaya, Subilaga alisimama. Aliisoma kadi kwa sauti, akaishika pande zote mbili.

"Nenda, dada," akasema, akaichana.

Jeshi lake likavuka mto, likamuua kifaru wa Lwitiko. Subilaga alikuwa ameshinda, ilibaki kutangazwa tu.

Ndipo Lwitiko akainuka na Dawa ya Mwisho.

"Nyingine hiyo?" watu walishangaa. "Umeitoa wapi?"

"Nimebadilishana na jamaa mmoja wa Kyela," akajibu. Uongo ulimtoka umenyooka kama rula. Akachana nakala ya pili, aliyoitoa kwa mashine ileile, kifaru akafufuka, na Lwitiko akawa bingwa.

Subilaga alimpa mkono, macho bado mekundu. "Hongera, kaka. Leo umejua kutoa."

Mkono ule Lwitiko aliupokea, akauachia upesi. Njiani kurudi nyumbani neno lile lilimkereketa kama mwiba wa samaki kooni.

Sasa, watu wale walikuwa na desturi nyingine. Mwisho wa mwaka vipande vyote vya kapuni hubandikwa kwenye daftari kubwa, kila kadi na jina la aliyeichana. Siku ya kufunga mwaka daftari husomwa mbele ya wote, ili kila kilichotolewa kikumbukwe. Kazi ya kubandika hufanywa na mtunza kapu wa zamani pamoja na mpya.

Siku moja kabla ya sherehe, Lwitiko alikwenda kwa Mwalimu. Mvua ilikuwa inapiga bati. Mzee alimwaga vipande mezani, wakaanza kuvioanisha.

"Macho yangu hayaoni," Mwalimu alisema, "lakini vidole vinaona."

Lwitiko aliinua kipande cha ngao, akatazama pale kilipochanika. Katikati ya unene wa kadi kulikuwa na mstari mwembamba wa buluu, mithili ya uzi. Akachukua cha kamba: uzi wa buluu. Cha Daraja la Subilaga: uzi wa buluu.

"Mwalimu, huu uzi ni wa nini?"

"Kadi halisi ina karatasi ya buluu imebanwa ndani, katikati. Huwezi kuiona mpaka uchane. Kwani hukujua?"

Lwitiko angejuaje, mtu ambaye hajawahi kuchana kitu? Nakala zake zilikuwa nyeupe mpaka ndani. Alikuwa ameiga uso na mgongo, akasahau kuna tumbo. Mikono yake ikaanza kupekua vipande haraka haraka, atafute vyake avifiche kabla vidole vya mzee havijavifikia.

Akaipata Dawa ya kwanza. Ilikuwa na uzi wa buluu.

Akaipata ya pili. Uzi wa buluu.

Alishusha pumzi. Kisha pumzi ileile ikamkwama, kwa sababu Dawa yake halisi ilikuwa mfukoni, ameikalia.

Mwalimu akanyanyuka, akaenda kabatini, akarudi na kopo dogo la majani ya chai. Alilifungua, akamwekea mbele vipande vinne vyeupe.

"Hivi ni vyako," akasema. "Vile vya kapuni ni vyangu."

Lwitiko alitamani ardhi ipasuke immeze. Si kwa sababu amekamatwa. Ni kwa sababu aliyemkamata ndiye aliyemsitiri, na amemsitiri kwa kadi zake mwenyewe, akashindwa nusu fainali huku yeye akimcheka.

"Kwa nini, Mwalimu?" Lwitiko akauliza.

"Mara ya kwanza nilisema moyoni, huyu ameteleza. Mtu mzima havuliwi nguo hadharani. Nikachana yangu, nikakusubiri uje mwenyewe. Nilikusubiri Jumamosi baada ya Jumamosi, mwanangu. Hukuja."

"Na ya pili?"

"Ya pili niliitunza, maana nilijua utarudia. Nikaichana roho ikiniuma. Sasa sina tena, Lwitiko. Kesho ni yako, si yangu."

Lwitiko akavitia vipande vyeupe mfukoni, wakamaliza kubandika.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Daftari likasomwa, kila aliyetajwa akasimama, watu wakampigia makofi. Daraja lilipotajwa, Subilaga alisimama akifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha ikasomwa: "Dawa ya Mwisho, mara mbili. Lwitiko!"

Makofi yaliyopigwa hapo yalitikisa madirisha. Lwitiko alisimama akiyapokea, na kila kofi lilikuwa kama linampiga shavuni. Mwalimu akamkabidhi kapu. Mzee hakumkonyeza, hakumkunjia uso. Alimpa tu kapu, akarudi kuketi.

Angeweza kunyamaza. Ushahidi wote alikuwa nao mfukoni, angeutia jikoni ukawa majivu. Nusu ya nafsi yake ilimsihi, nyamaza, yameshapita. Lakini alimwona Subilaga pale mbele akimpigia makofi kuliko wote.

Akaliweka kapu chini.

"Sikuchana kitu," akasema. "Mimi sijawahi kuchana kitu."

Akatoa vipande vinne vyeupe, akavipanga mezani. Akatoa na Dawa halisi kwenye nailoni yake. Akaeleza yote: mashine, mkasi, uongo wa jamaa wa Kyela, na kadi mbili za Mwalimu. Siku nyingi alitamani aseme watu wanyamaze. Basi siku hiyo walinyamaza, mpaka ukasikia mvua nje.

Subilaga ndiye aliyesema kwanza. Hakufoka.

"Nilichana Daraja la dada yangu, kaka Lwitiko. Mbele yako. Na mkono wangu ukaupokea."

Lwitiko hakuweza kumtazama. Machozi ya mtu mzima yalimtoka mbele za watu, nayo ni mabaya kuyaona. Akaikamata Dawa yake kwa mikono miwili, aichane palepale.

"Acha!" Subilaga akamzuia. "Unachana nini? Mezani hakuna mchezo. Ukiichana sasa unajitibu wewe mwenyewe. Jumamosi njoo ucheze na mimi. Ukibanwa, uichane mbele yangu."

Kapu akapewa Subilaga siku hiyohiyo, naye alilipokea bila tabasamu.

Jumamosi Lwitiko alikwenda. Kuna wakati alifika mlangoni akageuka, akarudi tena. Walicheza. Kifaru akafa. Lwitiko akasimama, akaisoma kadi kwa sauti, akaichana. Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya. Alitazama uzi wa buluu ndani ya kadi yake mwenyewe, kwa mara ya kwanza.

Kifaru alifufuka, akapigana zamu tatu, akafa tena. Lwitiko akashindwa. Miaka miwili ya kuificha, na kazi yake yote ilikuwa zamu tatu.

Subilaga aliokota vipande. Kabla ya kuvitia kapuni alipitisha kidole taratibu pale kadi ilipochanika, mbele ya wote. Kadi za wengine hakuzipitishia kidole. Za Lwitiko alizipima kila Jumamosi, mwaka mzima, na mwaka uliofuata.

Lwitiko hakulalamika hata mara moja. Kila alipochana alisimama pale, macho chini, akasubiri kidole kifike mwisho.

Funzo: Sitara ya mwenzako ni kadi ya kuchana, hutumika mara moja na haina nakala; ukisitiriwa leo, sema kweli leo hii, usingoje achane na ya pili.