Siku Gari la Foti Lilipogoma

Isomeni hii hadi mwisho, halafu mrushieni yule ndugu yenu ambaye hata chai haiachi ipoe.

Huko Morogoro alikuwapo kijana anaitwa Foti. Alikuwa na gari jekundu lenye turbo, gari la mbio kwelikweli, lakini mwenye gari alikuwa na mbio kuliko gari lenyewe.

Baba yao alipofariki, mdogo wake Tekla alikuwa darasa la kwanza. Siku ya mazishi Foti alimshika mkono akamwambia, "Siku yako ya harusi, hakuna atakayekupeleka kanisani ila mimi." Tekla akakua, hakuisahau ahadi ile. Hatimaye siku ikakaribia.

Wiki hiyo hiyo ya harusi, taa nyekundu ya oili ikaanza kuwaka kwenye dashibodi. Foti akapita kwa fundi mmoja wa pembeni mwa barabara. "Nizimie hii taa, inanikera." Fundi akachomoa balbu, taa ikazimika, wakagongana mikono, kila mtu akaenda zake kwa furaha. Jamani! Kuzima taa tunakujua.

Siku moja kabla ya harusi, injini ikaanza kulia tak-tak-tak. Foti akalikokota gari hadi gereji ya Fundi Zaituni, mama mmoja mwenye mdomo na mikono myepesi.

"Pampu ya oili imelika," Zaituni akasema. "Haisukumi tena. Na huyo aliyekuchomolea balbu, ni rafiki yako au ana kisa na wewe?"

Akairudisha balbu kwanza, ndipo akaanza kazi. Kufika adhuhuri ya siku ya harusi, pampu mpya ilikuwa imekaa mahali pake na oili imeshamiminwa. Harusi ilikuwa saa tisa. Foti akarukia ufunguo.

"Bado, baba. Pampu mpya ni kavu. Lazima oili ipande kwanza mpaka kwenye turbo, ndipo injini iwake. Ukiliwasha hivi, turbo inakufa, na injini inaifuata. Naenda kuswali. Usiguse ufunguo."

"Sigusi, mama."

Eti hagusi! Foti alikaa, akasimama, akakaa tena. Simu ikaita. "Kaka, nimeshavaa," Tekla akasema. "Matarumbeta wameshafika. Uko wapi?"

"Niko njiani."

Njiani wapi, naye yuko kwenye benchi la gereji! Akajisemea kwamba mafundi nao wanapenda kujikuza, kuwasha mara moja tu kutaharibu nini? Akaingia ndani ya gari, akazungusha ufunguo.

Stata ikalia, injini ikazunguka, lakini haikuwaka. Akarudia. Akapumua, akarudia tena. Akaupiga usukani ngumi, akalitukana gari matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa, akarudia mpaka jasho likamlowanisha shati la harusi. Gari limegoma.

Akampigia Tekla. "Mdogo wangu, tafuteni gari lingine. Nimeshindwa."

Tekla akasema, "Sitoki humu ndani bila wewe, kaka," akakata simu. Foti akaweka kichwa kwenye usukani akalia.

Zaituni aliporudi, hakuwahi hata kuvua viatu vya msikitini, Foti keshamvamia. "Umeniharibia gari! Haliwaki!"

"Umejuaje kama haliwaki?"

Foti akauficha ufunguo mfukoni.

Zaituni akacheka mpaka akashika kiuno. "Haya, piga stata mara moja tu, uiangalie ile taa."

Akapiga. Ile taa nyekundu ikazimika yenyewe.

"Umeona? Oili imeshapanda. Huko kuzungusha bila kuwasha ndiko nilikokuwa nije kufanya. Umenimalizia kazi kwa hasira zako, bahati yako betri haijafa." Akafungua fundo kwenye pindo la kanga, akatoa fyuzi ndogo. "Hii ni ya pampu ya petroli. Niliichomoa kabla sijaondoka. Bila hii ungezungusha mpaka kesho na lisiwake. Niliyaona macho yako, baba."

Fyuzi ikarudishwa. Gari likawaka papo hapo, turbo ikapiga mluzi.

Kabla ya saa tisa Tekla alikuwa kiti cha nyuma na shela lake, matarumbeta yakilia mbele. Msafara mzima ukashangaa gari jekundu linavyotambaa.

"Kaka, leo vipi? Mbona polepole?"

"Pampu mpya," Foti akajibu, huku akifuta macho.

Funzo: Aliyekuchomolea balbu alikufurahisha, aliyekuchomolea fyuzi alikuokoa. Kabla hujamlaani anayekukatalia jambo, tazama kwanza kama anakuzuia au anakulinda.