Nani Aishike Shule ya Mwalimu Kondo

Sogeeni. Nina kesi, mnisaidie kuiamua.

Mwalimu Kondo wa Morogoro alifundisha muziki sebuleni kwake miaka ishirini. Chumba cha nyuma alikigeuza studio, kuta akazifunika magodoro. Wanafunzi wake watatu walijulikana mtaa mzima. Mloka alikuwa fundi wa ngoma. Asteria aliijua mitambo ya kurekodia. Semeni, asiyeona tangu utotoni, alikuwa akisikia sauti mara moja haisahau.

Walirekodi wimbo uliomtaja Chogo, jambazi aliyemuua msukuma mkokoteni hadharani na watu wakanyamaza. Siku ya tatu, saa nane mchana, wanaume watano walikuja na mapanga, nyuso wamezifunga vitambaa.

Mloka aliuzuia mlango. Panga lilimkata vidole vinne vya mkono wa kulia, naye akaendelea kuusukuma kwa bega mpaka walipompasua kichwa akazimia.

Kwa muda huo mfupi, Asteria aliwahi kuwasha mtambo. Ukanasa kila neno.

"Wimbo uko wapi?" kiongozi wao aliuliza.

"Umeshatoka," Mwalimu Kondo alijibu. "Sokoni wanauimba."

Wakamkatakata hapo hapo. Asteria alichomoa kadi ya mtambo akaificha kinywani. Walimpiga nondo, wakamvunja taya, hakuitema. Kisha wakaichoma nyumba. Majirani wakawatoa yeye na Mloka motoni.

Semeni hakuwepo siku ile. Lakini sauti kwenye kadi hazikuwa na sura, na polisi walihitaji mtu wa kuzitambua, wakamsikilizisha yeye. Usiku wa kuamkia kesi, nyumba ya kina Semeni ilitiwa moto, mama yake akafia ndani. Asubuhi Semeni alipanda kizimbani akinuka moshi. Wanaume kumi na wawili walisemeshwa maneno yale yale mbele yake. Akawabaini watano wa kwenye kadi.

"Wa kwanza ni Chogo, sauti yake naijua tangu mtaani," alisema.

Wakafungwa maisha.

Mjane wa Mwalimu, Bi Mwasiti, ameijenga shule upya. Amechoka, anataka kumkabidhi mmoja tu.

"Mkono wangu haushiki tena ngoma," Mloka alimwambia. "Nisipopata shule, nimebaki na nini?"

Asteria, ambaye taya lake halikupona sawasawa, aliandika kwenye karatasi: "Bila kadi, wangekuwa huru."

"Mimi nilijua watakachonifanyia, mama," Semeni alimwambia Bi Mwasiti. "Na bado nilikwenda."

Bi Mwasiti hajajibu mpaka leo. Ninyi mnaonisikiliza, mngemkabidhi nani?