Mayai ya Kuchi na Chipu ya Katikati

Hapo zamani, wala si zamani ya kutisha, ni juzi tu watu walipoanza kujiundia mitambo sebuleni, Mzee Mwaisumo wa Tukuyu alibaki na mayai tu ya kuku wake wa kuchi, wale warefu wa kupigana. Kuku mwenyewe aliliwa na kicheche. Mbegu yote ya kuku wa marehemu baba yake ilikuwa humo kwenye mayai, na mzee alilia. Msinibishie, alilia.

Mkamwana wake, Tumpe, fundi wa kujifunzia nyumbani, akamtengenezea sanduku la kutotoleshea. Ndani kihisi cha joto, nje bodi ndogo ya kuwasha na kuzima taa inayoyapasha mayai. Lakini kihisi kilikuwa na sauti dhaifu. Bodi ikikisikiliza moja kwa moja inakinyonya nguvu, kisha inasoma baridi pasipo baridi. Tumpe akaweka chipu katikati: inakisikiliza kihisi bila kukichosha, inaipelekea bodi neno lilelile kwa nguvu.

Mumewe, Lusajo, akaitamani chipu kwa redio yake. Akapima, akaona kinachoingia ndicho kinachotoka. Akasema, "Hii inakula umeme wa bure tu." Akaing'oa, akaunga waya moja kwa moja. Mtaalamu huyo!

Bodi ikasoma baridi, taa ikawaka isizime. Mzee akavuta kigoda mbele ya sanduku, akapasha magoti joto, akausifu mtambo.

Tumpe aliona dirishani taa haizimi. Lakini kwa mila yao mkamwana haingii alipo baba mkwe, wala hasemi naye. Neno lake hupitia kwa mama mkwe, Bi Sekela. Akamkimbilia, akamwambia mayai yanaiva. Bi Sekela alikuwa amechoka kutumwa huku na huku tangu siku ya harusi ya Tumpe.

"Mimi si waya wa nyumba hii," akasema, akamalizia kwanza kupepeta maharage.

Alipofika, mayai yalikuwa ya kula na chumvi.

Mzee akaapa kwamba mwenye kosa atahama uani kwake. Lusajo akadai aling'oa kitu kisichoongeza chochote. Tumpe akadai angeingia angeitwa hana adabu. Bi Sekela akadai hakuna aliyewahi kumwambia ahsante. Mzee akadai yeye alikuwa anaota moto tu.

Haya, nyie mnaocheka, nani afungashe vyombo vyake: aliyeng'oa cha katikati, aliyeogopa kumruka wa katikati, wa katikati mwenyewe aliyechoka, au mzee aliyekaa mbele ya mayai yake akingoja aletewe habari zake?