Jina Lililokatwa kwa Mkasi

Mmeniita tena. Mwalimu yupo humu ndani, katekista yupo, wenye vyeti wamejaa mabenchi mawili ya mbele, lakini kisa akitoe bibi aliyeishia darasa la pili, tena hilo la pili nililimaliza nikichunga mbuzi wa mwalimu. Haya. Nitasema mara moja tu. Anayetaka kusinzia asinzie sasa, nisimkute amelala nikifika makaburini.

Mtu mmoja alikuwa na kalamu na daftari, na kazi yake ilikuwa kuandika picha za sinema, zile za kauboi. Aliitwa Chidawali. Mnacheka nini? Nanyi mlidhani wale watu juu ya farasi wanajisemea tu. Hata mimi nilidhani hivyo. Kumbe kabla mpanda farasi hajafungua kinywa, kuna mtu ameketi mahali, amejikuna kichwa, ameandika, amefuta, ameandika tena. Chidawali aliandika picha kumi na nne. Zilipigwa huku huku kwetu, kwenye nchi kavu, maana vumbi lilikuwepo la kutosha. Farasi walikuwa wawili, na yule mzuri alikuwa chongo, ndiyo maana katika picha zote alionekana ubavu wa kushoto tu.

Nchi ya kauboi hakuwahi kuikanyaga. Alichofanya ni kwenda mnadani siku ya ng'ombe, akakaa karibu na wachungaji, akasikiliza. Mchungaji hasemi sana. Jua limemfundisha kufunga mdomo, na akiufungua, neno linatoka limeshakauka, limebaki punje tupu. Chidawali aliokota punje hizo. Na neno la mtu lilipoingia kwenye picha, alirudi mnada uliofuata na tumbaku, akamtafuta mwenyewe, akamwambia, "Baba, neno lako nimelitumia. Ahsante." Wachungaji walimwona hamnazo. Tangu lini mtu akashukuriwa kwa neno? Lakini tumbaku walipokea.

Mpanda farasi aliitwa Zabroni. Mrefu, mabega kama mlango wa ghala, sauti nzito, na kusoma hakujua, kama mimi. Basi siku za kupiga picha Chidawali alijibanza nyuma ya kichaka cha miiba, karibu na mguu wa farasi, akamnong'oneza sentensi moja, akanyamaza, Zabroni akaisema. Kisha nyingine. Miaka kumi na mmoja alikaa kwenye miiba ile. Mkewe, Nyemo, ndiye aliyemchomoa miiba mgongoni kwa pini kila kazi ilipokwisha.

Sisi tulizitazama Jumamosi mchana katika ghala la karanga, madirisha yamezibwa kwa magunia, kitambaa cheupe kimetundikwa ukutani. Kwanza yalipita majina. Wengi wetu hatukujua kusoma, kwa hiyo palikuwa na mtu mwenye bomba la bati la kupazia sauti, aliyesimama kando ya kitambaa na kutusomea. Jina la Chidawali lilikuwa la tatu. Tulimzomea msomaji afanye haraka. Semeni kweli, hata ninyi mngemzomea.

Sasa ipo picha moja. Mpanda farasi anafika kijiji kilichoonewa na wezi wa ng'ombe. Wezi wanamzunguka, kumi kwa mmoja, wanamwambia apite zake, njia ni ndefu na hapa hapamhusu. Anawatazama. Anasema, "Farasi wangu amechoka. Nimefika." Basi. Hakuongeza neno. Ghala zima lilisimama.

Mwaka ule ule mume wangu alifariki. Siku ya arobaini wakaja shemeji zangu watatu na kamba ya kupimia shamba, wanasema nirudi kwetu, mjane hana mpaka. Nilikuwa na watoto wanne na jembe moja. Nikasimama mlangoni. Maneno yangu mwenyewe sikuwa nayo, hofu ilikuwa imeyala. Nikasema, "Shemeji, farasi sina. Lakini nimefika." Wakatazamana. Yule mdogo alikuwa ameiona picha, akacheka bila kutaka, na mtu anayecheka hawezi kuvuta kamba ikanyooka. Wakaondoka. Shamba lile ndilo limewalisha nusu yenu mnaonitolea macho hapa.

Nikamshukuru nani? Nikamshukuru Zabroni. Nilimpelekea kuku. Niliona ndoo, nikadhani ndiyo kisima.

Na si mimi peke yangu. Kuku walikuwa wengi. Mtu akipelekewa kuku kila siku, mwisho anaamini ametaga yeye. Ikafika karamu moja, wageni wakubwa wameketi, mmoja akamuuliza Zabroni maneno yale mazuri anayatoa wapi. Zabroni akajipigapiga tumbo. "Yananitoka humu humu." Watu wakapiga makofi. Mwenye kampuni ya picha akapiga zaidi ya wote, maana mpanda farasi mwenye maneno yake huvuta watu kuliko mpanda farasi wa kunong'onezwa. Wakachukua mkasi. Katika picha zote kumi na nne wakakata kile kipande chenye jina la Chidawali, wakaunganisha palipobaki. Picha ilirukaruka kidogo tu pale, kama mtu aliyejikwaa, kisha ikaendelea.

Nyemo alikuwa ghalani Jumamosi ya kwanza baada ya mkasi. Akarudi nyumbani akamwambia mumewe, "Leo hawakukusoma." Chidawali akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akamshukuru kwa chai. Hakwenda kwenye kichaka tena.

Picha ya kumi na tano Zabroni aliisema kutoka tumboni. Akaongea. Akawaeleza wezi alikozaliwa, akawaonya, akawaonya tena, akaongea mpaka farasi chongo akageuka kumtazama kwa lile jicho moja, na hapo ndipo tulipojua upande wa pili hauna kitu. Sisi ghalani tukaanza kuwashangilia wezi. Ya kumi na sita haikupigwa.

Miaka ikaenda. Chidawali akafa, mzee, kitandani kwake, ameshika mkono wa mkewe. Tulitazamia watu wachache. Walikuja wachungaji. Waliacha ng'ombe mnadani wakaja kwa miguu, na kila mmoja alipopita kaburini aliweka tumbaku kidogo. Tumbaku ilikuwa rundo. Nilisimama pale na mvi zangu nikalitazama lile rundo, Nyemo akanieleza habari ya mnada, na ndipo nilipoelewa neno lililoniokoa lilitoka wapi: kwa mchungaji nisiyemjua, likapita kwa mtu aliyekaa kwenye miiba, likapita kwa Zabroni, likanifikia mlangoni nikiwa sina kitu mdomoni. Nililia, mimi nisiyelia. Sikulilia kifo. Nililia kwa kuwa nilikuwa nimelishwa miaka yote ile bila kuuliza nani alipika.

Ninyi maneno yenu mmeyatoa wapi? Hata sala mnayoomba, kuna mtu aliwanong'oneza kwanza. Ameketi wapi sasa, na mgongo wake mmeutazama?

Kwetu matanga hayaanuliwi mpaka aliyechukua kitu cha marehemu akirudishe, iwe jembe, iwe sindano. Kwa hiyo Zabroni alikuja. Mabega yalikuwa yameshuka, meno yamepungua. Akamwekea Nyemo tandiko la farasi miguuni. Nyemo hakuligusa. Akaweka na kofia. Nyemo akasema, "Zabroni, baba, mimi sipandi farasi. Rudisha jina. Pale pale ulipolitoa."

Lakini kipande kilikwisha kukatwa na kutupwa, hakuna sindano ya kukishona. Basi akalirudisha kwa mdomo. Lile bomba la bati lilikuwa bado lipo ghalani, limeshika kutu. Akalichukua, akaanza kufuata picha zile kila zilikopelekwa, ghala kwa ghala, mji kwa mji, miaka yote iliyombakia. Majina yakianza kupita, alisimama mbele ya kitambaa, na picha ilipojikwaa pale mkasi ulipopita, alisema, "Maneno haya aliyaandika Chidawali." Sentensi fupi. Ilikuwa ya kwanza ya kwake mwenyewe iliyokuwa nzuri, na nilimwambia hivyo.

Mara ya mwisho nilimwona kwenye mji wa mbali kidogo, ukumbi umejaa watu waliozaliwa juzi. Kwenye kitambaa yumo yeye, mrefu, mabega kama mlango, farasi ameonyesha ubavu wa kushoto. Mbele ya kitambaa yumo yeye pia, kibogoyo, na bomba lenye kutu. Alipoanza kusema, ukumbi mzima ukapiga mluzi. "Kaa chini, mzee, unatuzibia! Tunamtaka Zabroni!"

Hakuwaambia yeye ni nani. Akalisema jina mpaka likaisha, akashusha bomba, akakaa.