Jina la Binti wa Sazo

Sogeeni karibu, na mwenye tabia ya kusinzia akae hapa ubavuni mwangu nipate kumfinya. Hadithi hii ina kazi mwishoni, na kazi yenyewe ni yenu.

Juu milimani palikuwa na kijiji kiitwacho Ikongwe, na humo waliishi watu watatu wenye vipawa. Kajiru, mrina asali, alikuwa na masikio. Aliweka sikio kwenye shina la mti akakwambia kama ndani mna nyuki, na kama wameshiba au wana njaa. Mbazi alikuwa na miguu. Genge ambalo mbuzi waliliogopa, yeye alilishuka na mzigo begani huku akipiga mluzi. Naye Namkunda alikuwa na mikono. Mgonjwa aliyeukataa uji wa mama yake mzazi aliupokea kutoka kwa Namkunda.

Chini ya Ikongwe, upande wa machweo, lilikuwako bonde la Ishinde. Mwaka wa ndui, moshi wa Ishinde ulipungua jiko moja baada ya jingine, hata ikafika asubuhi ambayo haukupanda kabisa. Watu wa Ikongwe wakaiziba njia kwa miiba. Jumbe akatangaza kwamba asishuke mtu, na atakayesikia sauti kutoka kule aseme hakusikia.

Kajiru akasikia. Ilikuwa sauti ya mtoto, nyembamba kama ya mbu. Alikwenda kwa jumbe, naye jumbe akamwambia, "Kule hakuna aliye hai. Anayekuita wewe ni maiti." Kajiru alirudi akasimama penye miiba siku mbili, akipaza sauti, "Kuna mtoto! Mimi namsikia!" Watu wakaanza kumkwepa kama mtu aliyeitwa na wafu. Wazazi wa mchumba wake wakarudisha posa yake. Tangu siku hiyo hakuna nyumba iliyokubali kumwoza binti, akazeeka peke yake.

Mbazi akashuka. Alikuta milango iko wazi, na hapakuwa na kuku wala mbwa wa kumbwekea. Katika nyumba ya mwisho, kando ya chungu kilichopoa, alilala mtoto wa kiume wa miaka kama mitatu, mwili mzima umejaa malengelenge. Mbazi akamfunga mgongoni, ngozi kwa ngozi, akapanda naye genge. Ndui ikamkamata yeye pia. Alipona, lakini macho yake yote mawili yalizimika. Genge lile hakulishuka tena.

Namkunda akampokea. Kwa kuwa kijiji kilikataa mtoto avuke miiba, yeye ndiye aliyevuka, akiwa na mwanawe Kiondo aliyekuwa bado ananyonya, akajenga kibanda upande wa pili. Mdomo wa mgonjwa ulikuwa vidonda vitupu. Namkunda alimkamulia maziwa yake mwenyewe, tone kwa tone, siku tisa. Siku ya kumi mtoto wa Ishinde akaketi, na Kiondo akalala na ndui. Namkunda alimzika mwanawe kwa mikono yake, na hakuzaa tena.

Mtoto alipopata nguvu Namkunda alimuuliza, "Unaitwa nani, baba?"

"Sazo."

Walioyasikia hayo kutoka ng'ambo ya miiba waliguna. Sazo ni kile kinachobaki wengine wanapokwisha. Wakasema kifo kimekula Ishinde yote, na hili ndilo kombo lake.

Lakini Sazo mwenyewe alikumbuka jambo jingine. Alikumbuka mkono ukikwangua chungu, na sauti ya mwanamke iliyochoka ikimwambia, "Sazo lako hili, mwanangu, nimekuwekea. Kula." Sura ya mama yake hakuikumbuka. Jina alilopewa alipozaliwa hakulikumbuka pia. Neno lile moja ndilo alilopanda nalo kutoka bondeni.

Alikua. Ukiita Mbazi katika soko la Ikongwe waligeuka watu saba, na akina Kajiru walikuwa wengi vilevile. Ukiita Sazo aligeuka mmoja tu, na waliosimama karibu naye walisogea. Hakuna aliyemwita mwanawe jina hilo, hata kwa utani. Alioa Nakiete, mgeni kutoka nyuma ya milima, aliyempenda kabla hajasimuliwa chochote. Wakazaa watoto wawili, na wote wawili wakazikwa kabla ya kuota meno. Kisha akazaliwa wa tatu, binti.

Kwa desturi ya Ikongwe, mtoto hutolewa nje siku ya arobaini, na jina la ukoo analorithi kwa baba yake hutajwa mbele ya watu. Zilipobaki siku tatu, malengelenge yakaonekana kwa mtoto wa nyumba ya juu. Kesho yake nyumba mbili zaidi zikafunga milango. Ndipo jumbe Sengasu alipokuja, akasimama mbali na kizingiti.

"Sazo, sina ugomvi nawe," alisema. "Lakini watu wanasema jina lako ndilo linaloita. Likitajwa juu ya mtoto wa tatu, kijiji kizima kitakuwa Ishinde. Mpe binti yako jina jingine. Ukikataa, muondoke siku hiyohiyo."

"Tuondoke twende wapi, na kila kijiji kimeziba njia?"

Sengasu alitazama chini bondeni, halafu akaenda zake.

Nakiete alikuwa amesikia yote. "Mume wangu, mpe jina lolote, hata la mti," alisema. "Nimeshazika wawili walioitwa hilo la kwako. Huyu simziki."

Sazo akaona kwamba kama jina ni la kubadilishwa, litoke kwa waliomtoa yeye mautini. Akawaendea.

Kajiru alimpokea mlangoni, mgongo umepinda. "Ningenyamaza, wewe ungekuwa mfupa," alisema. "Nilisema, na kwa kusema huko sina mtoto. Akina Kajiru wengine si wa tumbo langu. Nataka mmoja tu, wa kwangu."

Mbazi alikuwa amekaa juani, akaitambua hatua yake. "Mwanangu, kusikia walisikia na wengine, wakaziba masikio. Mimi nilishuka. Wewe ndiye mtu wa mwisho niliyemwona kwa macho haya. Binti yako aitwe Mbazi, kila akiitwa nijue niliyapoteza kwa kitu."

Namkunda hakudai neno. Alikuja mwenyewe, akamchukua yule mtoto ambaye hakuna mwanamke wa Ikongwe aliyethubutu kumgusa, akamweka kifuani. Kisha akasema, "Kiondo angekuwa rika lako. Hakuna aliyewahi kuitwa mtoto wa Kiondo."

Sazo alitoka nje. Wote watatu alikuwa akiwaita wazazi. Kumpa mmoja kulikuwa sawa na kuwanyang'anya wawili. Isitoshe, alipotazama Ishinde, ambako magugu yalikuwa yamemeza hata mahame ya nyumba, aliwaza kwamba watu wote wale hawakuacha kaburi wala mjukuu. Waliacha neno moja, na neno hilo lilikuwa yeye. Siku atakapokufa bila mtu wa kulirithi, itakuwa kama hawakuwahi kuwasha moto.

Siku ya arobaini ikafika. Watu walisimama mbali, nguo zimefunika pua. Usiku wa kuamkia siku hiyo nyumba ya nne ilikuwa imefunga mlango. Kajiru aliegemea fimbo yake. Mbazi aliinua uso kuelekea alipohisi mtoto yupo. Namkunda alikaa kando ya Nakiete.

"Taja," alisema Sengasu. "Huyu ni binti wa nani?"

Sazo alimwinua mtoto.

Mimi nanyamaza hapo, wapendwa, na msinifuate nyumbani kuniuliza alitaja lipi. Bila sikio la Kajiru, Sazo asingejulikana kwamba yu hai. Bila miguu ya Mbazi, asingefikiwa. Bila maziwa ya Namkunda, asingepona. Kila mmoja alilipa, na hakuna aliyerudishiwa. Na wale wa bondeni, wasioweza kuja kudai, nao wana haki yao, ingawa haki hiyo inaweza kumfukuza mtoto mchanga njiani wakati wa ndui.

Wewe uliyekaa kimya hapo nyuma, anza wewe. Ungekuwa umesimama pale, binti huyo mikononi mwako, ungetaja jina la nani?