Mashapo ya Nyati

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na karakana zao na kuajiriana, Nyati alikuwa mtia nguo rangi. Vitambaa vyake vya buluu vilisifiwa hadi ng'ambo ya mto. Lakini kila siku masufuria yake yaliacha mashapo mazito, machungu, na sheria ya kijiji ilikuwa wazi: mwenye karakana azike taka zake katika shimo la mlimani, mbali na maji.

Mlima ulikuwa mbali. Basi akaja Nguchiro, mdogo wa mwili, mwepesi wa maneno.

"Mzee, mtu wa heshima kama wewe abebe mitungi ya uchafu? Niachie mimi, nitaifikisha shimoni."

"Utaweza?"

"Miguu yangu si unaiona?"

Nyati akakubali. Nguchiro akaibeba mitungi, akakata kona nyuma ya kichaka, akaimwaga korongoni, kunakoanzia kijito cha bondeni: chubwi, chubwi. Akarudi uji wa Nyati haujapoa.

"Umeshafika?"

"Nimefika na kurudi, mzee."

Nyati alijua kwamba shimoni ni mwendo wa nusu siku. Akaendelea kunywa uji wake. Ikawa hivyo msimu mzima.

Siku moja akaja Bi Kanga, aliyeishi bondeni, na kibuyu mkononi.

"Mzee Nyati, jua kali leo. Nimekuletea maji ya kunywa."

Nyati akashukuru, akamimina kikombeni. Maji yakatoka ya buluu, yananuka magadi. Akakiweka kikombe chini.

"Jirani, haya hayanyweki."

"Ndiyo maji ya kijito chetu," akasema Bi Kanga. "Wanangu wanayanywa. Wawili manyoya yamewatoka. Kitinda mimba hawezi kusimama."

Kesho yake Nyati akaitwa barazani, na Nguchiro pembeni yake.

"Mimi nilimwajiri huyu," Nyati akajitetea. "Aliyemwaga korongoni ni yeye. Amenidanganya."

Nguchiro alikuwa akitazama kucha zake.

Twiga, mwamuzi wa kijiji, akauliza, "Shimoni uliwahi kwenda kutazama?"

"Hapana."

"Ulimwuliza anawezaje kurudi upesi vile?"

Nyati akainamisha pembe zake.

"Sikuuliza," akasema, "kwa sababu jibu nilikuwa nalo."

Baraza zima likamsikia.

Twiga akaamua: Nguchiro asibebe tena taka za mtu, na wote wawili wazoe matope ya kijito hadi maji yatakate. Hadi siku hiyo, Nyati awachotee akina Kanga maji ya mtoni.

Kila asubuhi Nyati alikwenda na mtungi hadi kwa Bi Kanga. Aliuweka mlangoni, akabisha hodi, kisha akaondoka upesi kabla hajafunguliwa, maana ndani alimsikia yule mdogo akijifunza kutembea, anaanguka, anainuka, na hakuwa na uso wa kumtazama.

Hapo ndipo ninapoishia, wanangu: taka za kazi yako ni zako, hata ukimbebesha mwingine.