Sahani ya Kwanza ya Bi Ngiri

Pauk... ngojeni kidogo... paukwa!

"Mjomba, una pilau mdomoni!"

Nani huyo? Tunu? Haya, nimefumaniwa. Dua haijasomwa, wageni hawajakaa, na mimi, mtu mzima na kitambi changu, niliyekula karamu kutoka Lamu mpaka Kigoma, nimenaswa nyuma ya sufuria na paja la kuku mkononi. Nalirudisha. Tukiwangoja wakubwa, nijibuni vizuri. Paukwa!

"Pakawa!"

Kale, kale ya kale, mawingu yalipokuwa yakishuka kulala majanini, palikuwa na Bi Ngiri na mwanawe mmoja, Kishungi. Siku moja ya kiangazi, Simba akamkimbiza Kishungi. Puku-puku-puku! Mtoto huyoo, Simba huyoo. Mtoto akafika shimoni kwao. Chopu! Akazama. Simba akabaki na vumbi puani.

Bi Ngiri akalia, akaweka nadhiri. "Mvua ikinyesha nitapika, nitaita ukoo wote tushukuru. Sahani ya kwanza ataila aliyemwokoa mwanangu. Nikimpa asiye yeye, nadhiri yangu imeharibika."

Mvua ikaja. Ti, ti, ti. Dunia ikanukia udongo. Bi Ngiri akapika viazi vikuu. Mvuke ukatoka shimoni polepole, ukaingia katika ukungu, usijue upi mvuke, upi ukungu. Ukoo ukaifuata harufu, macho nusu yamefumba, kama wanaota.

Ngiri huingiaje nyumbani? Kinyumenyume! Makalio ndani, macho nje, wakimwangalia Simba. Ndiyo desturi yao. Akaingia kaka yake Bi Ngiri, pwata! Akaingia shangazi, pwata! Wote wanatazama mlango. Ndani hakutazama mtu.

"Lete sahani," akasema kaka. "Nani alipiga kelele, 'Kimbia, Kishungi'?"

"Kelele!" Shangazi akaguna. "Umepanda kichuguu, magoti yanagongana! Mbio zile nani alimfundisha? Si mimi?"

"Mbio, Shangazi? Na unene huo?"

Wakabishana, wakabishana. Bi Ngiri kasimama, sahani mkononi. Ampe nani? Viazi vinapoa. Nadhiri inaponyoka.

Akasema taratibu, "Jamani, mwanangu hakuokolewa na kelele wala mbio. Kaokolewa na shimo. Nani alilichimba?"

"Sisi hatuchimbi," akasema kaka. "Tulilikuta."

"Mimi," ikasema sauti nyuma yao.

Wakageuka. Kumbe! Mhanga, yule mchimba mashimo mwenye pua ndefu, kajilaza kwenye kona, na Shangazi kamkalia mkia.

"Uuu! Tangu saa ngapi?" Shangazi akaruka.

"Tangu mvua ilipoanza. Nilikuja kujisitiri."

"Mbona hukusema?"

"Mlinipa migongo."

Bi Ngiri akapiga magoti. "Baba, nalala humu kila siku, wala sijauliza ni kazi ya nani. Ahsante." Akaweka sahani mbele yake.

Mhanga akanusa. Fu, fu. "Mama, viazi sili. Mimi nala kumbikumbi."

Basi ukoo wote ukatoka, safari hii kichwa mbele. Mvua imekatika. Kumbikumbi wanapanda kutoka ardhini, maelfu kwa maelfu, mabawa yao yanadondoka polepole katika mwanga wa jioni, yanatua puani, yanatua mgongoni. Kaka akasahau kelele zake. Shangazi akazunguka mdomo wazi, akicheka kama mtoto. Bi Ngiri akaondoa viazi, akakinga kumbikumbi kwa sahani. Sahani ikajaa. Mhanga akala, mlapu, mlapu. Nadhiri ikatimia.

Mnaposhukuru, wanangu, msisifiane ninyi kwa ninyi tu. Geukeni mumtazame aliyewatengenezea mahali pa kukaa. Kisha mpeni anachokula yeye, si mnachopenda ninyi.

Hadithi yangu imefika kwake, imejilaza.

"Mjomba, hawakumwimbia wimbo wa shukrani?"

Shangazi alitaka, Tunu. Alisafisha koo, akapanua kifua. Mhanga akamwambia, "Nimeshiba. Niacheni nilale."